Kijiji Kisichokuwapo: Istilahi za Makazi na Historia ya Milima ya Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya makazi ya mashambani katika Gitega na Muyinga, nchini Burundi, kwa kufuata maneno yanayotumiwa kuyataja. Hoja kuu ni kwamba neno la Kiswahili "kijiji", linalotumiwa kwa wepesi kutafsiria umutumba wa Kirundi au "colline" ya Kifaransa, linaingiza Burundi taasisi ambayo haikuwapo katika historia ya milima hiyo. Watu wa Gitega na Muyinga waliishi katika ingo zilizotawanyika juu ya miteremko. Kukaa kwa kubanana kulikuja na boma la kikoloni, biashara na misheni na, baadaye, vita na amri za serikali. Tafsiri isiyozingatia historia hiyo inaweza kupotosha takwimu, mipango ya huduma na, zaidi ya yote, haki ya ardhi ya wakimbizi wanaorejea. Makala yanapendekeza istilahi zinazofaa kutumiwa katika nyaraka za Kiswahili za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: makazi, rugo, itongo, mutumba, kijiji, Burundi

1.0 Utangulizi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Tangu wakati huo haja ya kueleza mambo ya nchi hiyo kwa Kiswahili imeongezeka: katika shule ambako lugha hiyo inafundishwa, katika mikutano ya kikanda, katika biashara ya mpakani na katika shughuli za kuwahudumia wakimbizi. Mtaalamu anayeandika kwa Kiswahili kuhusu maisha ya Warundi nje ya miji hukutana mapema na tatizo ambalo huenda asilitambue kuwa ni tatizo. Anahitaji neno la kutaja mahali watu wanapoishi, na lililo karibu zaidi ni "kijiji".

Ugumu huu umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunaposema "maendeleo ya vijijini" tunamaanisha maendeleo ya sehemu zote zisizo mjini, kana kwamba kila aishiye nje ya mji huishi kijijini. Mazoea hayo yana mantiki Tanzania, ambako kijiji kina mipaka, halmashauri, mkutano mkuu na ardhi yake kwa mujibu wa sheria. Mantiki hiyo hukwama mtu anapovuka mpaka wa Kobero na kuingia Muyinga. Upande ule wa mpaka kuna makazi mengi kuliko ambavyo jicho linaweza kuhesabu kwa mara moja, lakini hakuna kijiji.

Makala haya yanatumia neno "mashambani" badala ya "vijijini" kwa makusudi. Sehemu zinazofuata zinaeleza umbo la nchi na mpangilio wa makazi, kisha historia ya mahali ambapo watu walikusanyika au walikusanywa, na mwisho athari za tafsiri katika sera.

2.0 Nchi ya Miteremko

Gitega iko katikati ya Burundi, katika eneo la asili liitwalo Kirimiro. Mji wenyewe upo katika kimo cha takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wa juu uliokatwakatwa na mabonde yasiyohesabika. Mto Ruvyironza unapita huko kabla ya kuungana na Ruvubu, na maji yao huishia katika Kagera na Nile. Muyinga iko kaskazini mashariki. Sehemu yake kubwa ni ya eneo la kihistoria la Bweru, na upande wa Giteranyi nchi inashuka kuelekea nyanda kavu zaidi za Bugesera na mpaka wa Tanzania. Kati ya Gitega na Muyinga kuna Karusi, ambayo historia yake itatuhusu baadaye.

Katika sensa ya mwaka 2008, mkoa wa Gitega ulikuwa na wakazi 725,223 na ule wa Muyinga wakazi 632,409. Kwa kuwa maeneo hayo yalikuwa na takribani kilomita za mraba 1,979 na 1,836, msongamano ulizidi watu 340 kwa kila kilomita ya mraba katika mikoa yote miwili. Mahali pengi barani Afrika msongamano wa kiasi hicho ungezaa miji midogo na vijiji vikubwa. Hapa idadi kubwa ya watu imetandazwa juu ya nchi nzima, mlima baada ya mlima.

Mpangilio huo una sababu za kilimo. Mteremko mmoja una udongo wa aina kadhaa. Kileleni udongo mara nyingi ni mwembamba na wenye mawe, na huko ndiko mifugo ilikolishwa zamani. Sehemu ya kati ina udongo mzito zaidi, na ndiko nyumba na migomba hustawi. Chini bondeni kuna ardhi oevu inayolimwa wakati wa kiangazi, mvua zinapokoma na mashamba ya juu kukauka. Kaya inayotaka kuishi mwaka mzima huhitaji kipande cha mteremko na, ikiwezekana, kipande cha bonde. Samadi ya ng'ombe au mbuzi hurudishwa kwenye migomba iliyo karibu na nyumba, kwa kuwa kuibeba mbali ni kazi kubwa. Nyumba kukaa ndani ya shamba lake ndiyo njia ambayo uchumi huo mdogo umejiendesha.

3.0 Rugo, Itongo na Mutumba

Kirundi kina maneno matatu yanayobeba uzito wa mpangilio huu.

La kwanza ni urugo, wingi ingo. Rugo ni ua wenye nyumba ya familia, ghala la nafaka na zizi, uliozungushiwa uzio wa miti hai au matete. Ni makazi na ni jamaa pia, kwani mwanamume anapooa husemwa kuwa amejenga rugo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno "ugo", lenye maana ya uzio au mahali palipozungushiwa uzio. Undugu wa maneno haya mawili uko wazi kwa yeyote anayejua mabadiliko ya viambishi vya lugha za Kibantu. Kiswahili cha leo kimeliacha "ugo" likasinyaa, na mahali pake pametwaliwa na "ua" na "boma".

Neno la pili ni itongo, wingi amatongo. Hii ni ardhi ya ukoo, mahali ambapo baba na babu walijenga, na ambapo mtu ana haki ya kurudi. Kiswahili kinalo "tongo", yaani mahame, mahali palipokuwa na makazi yakahamwa, na wengi wanaona kuwa "kitongoji" limetoka katika shina hilohilo. Tofauti ya maana inafaa kuzingatiwa. Katika Kiswahili tongo ni mahali ambapo watu wameondoka. Katika Kirundi cha Burundi itongo ni mahali ambapo mtu ana dai hata akiwa ameondoka. Kutokuwapo kwa mwenyewe hakufuti itongo. Kesi nyingi za ardhi tangu mwaka 1972 zimesimama juu ya tofauti hiyo moja.

Neno la tatu ni umutumba, wingi imitumba. Kirundi kina pia umusozi, lenye maana ya mlima, na wasemaji mara nyingi huyachanganya haya mawili. Hata hivyo, katika utawala neno lililoshika ni umutumba: kilima kinachokaliwa, chenye jina, watu na kiongozi. Mtu anayefanya kazi mjini husema anakwenda ku mutumba, akimaanisha kwao, shambani. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuliazima neno hili bila tahadhari, kwa sababu msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisoma "mkuu wa mtumba" atafikiria nguo za mnadani. Mtego wa namna hiyo upo pia katika umurima, ambalo kwa Kirundi ni shamba, ilhali sikio la Mswahili litasikia "mlima".

Kilichowaunganisha wakazi wa mutumba mmoja kilikuwa ujirani wa mteremko, kusaidiana kulima na kujenga, bia ya ndizi iliyonywewa pamoja, na mamlaka ya abashingantahe, wazee waliosimikwa kuamua mashauri na ambao alama yao ilikuwa fimbo ya hukumu, intahe. Baraza lao lilikaa popote palipofaa, chini ya mti au mbele ya rugo ya mmoja wao, na halikuhitaji kiwanja cha kijiji. Mwami mwenyewe hakuwa na mji mkuu wa kudumu. Alikuwa na ingo sehemu mbalimbali za nchi, na Gishora, karibu na Gitega, kunakohusishwa na Mwezi Gisabo na kunakotunzwa ngoma za kifalme hadi leo, ni mojawapo. Kule Bweru, machifu wa ukoo wa Batare walitawala kwa muda mrefu wakiwa mbali na mkono wa Mwami, lakini watu wao pia waliishi katika ingo zilizotawanyika.

4.0 Boma, Misheni na Mtaa wa Waswahili

Makazi ya kubanana yaliingia Burundi kutoka nje, na Kiswahili kilikuja pamoja nayo. Historia hii inawahusu watafiti wa lugha moja kwa moja.

Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara wa pwani waliokuwa Ujiji, wakiongozwa na Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, walijaribu kupenya ndani ya Burundi wakazuiwa. Waswahili wakabaki ukingoni mwa ziwa. Mwaka 1892 Oscar Baumann, kutoka Austria, aliipita nchi hiyo akitokea mashariki na msafara wa wapagazi wa pwani. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, na mwaka 1903 Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali mkataba wa Kiganda. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa tayari wamefika Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala Gitega, wakati huo ikiandikwa Kitega.

Boma la Gitega lilileta askari, makarani, wakalimani na wachuuzi, ambao wengi wao walizungumza Kiswahili, lugha ya utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki. Hawakuwa na itongo katika mlima wowote wa Kirimiro, hivyo wakajenga nyumba karibu na boma na soko, zikitazamana na njia, na msikiti ukawa kitovu chao. Baada ya Wabelgiji kuichukua nchi mwaka 1916, vituo vya biashara viliendelea kukua namna hiyo. Muyinga, iliyokuwa makao ya utawala wa eneo lake, nayo ikapata mtaa wa wafanyabiashara Waislamu, ukilishwa na njia za mashariki kuelekea Tanganyika. Hadi sasa Muyinga ni miongoni mwa sehemu za Burundi zenye Waislamu wengi na ambako Kiswahili husikika sokoni bila kushangaza mtu.

Kwa mtu wa mutumba, basi, Mswahili hakuwa mtu wa kabila fulani. Alikuwa mtu asiye na mlima: anayeishi nyumba kwa nyumba na jirani asiye ndugu yake, anayenunua chakula badala ya kulima, anayejua maneno na bei. Sifa ya ujanja ambayo neno hilo limebeba katika Kirundi ina mizizi katika tofauti ya makazi kama ilivyo katika tofauti ya dini. Kwa hiyo kabla hatujaliita jambo lolote la Burundi kwa jina la Kiswahili, inafaa kukumbuka kwamba katika nchi hiyo lugha yetu ilikuwa, kwa miongo mingi, lugha ya watu waliokaa kwa kubanana.

Nalo neno "boma" limejifunga hapo. Tanzania na Kenya lingeweza kutafsiri rugo vizuri, kwa maana ya makazi yaliyozungushiwa uzio. Lakini mjini Gitega boma lilikuwa ngome ya mkoloni. Kuiita rugo ya mkulima boma ni kuipa jina la kile kilichokuja kuitawala.

Wabelgiji hawakuivunja milima ya uplandani. Waliipanga. Walipunguza idadi ya machifu, wakaweka machifu wadogo juu ya vilima, wakahesabu walipa kodi kilima kwa kilima, wakaamuru kahawa ipandwe na mitaro ya kuzuia mmomonyoko ichimbwe. Mutumba, uliokuwa ujirani, ukawa pia ukurasa wa daftari. Kilima cha sensa hakikulingana kila mara na kilima cha ardhi: kimoja cha utawala kiliweza kubeba vilima kadhaa vya asili. Hata hivyo jina lilibaki la mahali, na watu walilitambua.

5.0 Kukusanywa

Wazo la kuwaondoa watu milimani na kuwaweka katika makazi yaliyopangwa limejitokeza Burundi mara kadhaa. Katika bonde la Imbo, magharibi, Wabelgiji walianzisha katika miaka ya 1950 mashamba ya makazi yaliyopimwa kwa mistari. Serikali ya Jean-Baptiste Bagaza, iliyotawala kati ya 1976 na 1987, ilitangaza sera ya kuunda vijiji, lakini katika milima ya kati haikufika mbali. Karibu na Muyinga, kuanzishwa kwa hifadhi ya Ruvubu mwaka 1980 kuliziondoa familia katika ardhi zao kwa ajili ya wanyama. Hilo halikuwa kuunda kijiji, lakini liliwafundisha watu kwamba itongo linaweza kufutwa kwa amri.

Somo kali zaidi lilikuja na vita. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mauaji yalienea milimani. Watu walikimbilia penye askari: kwenye barabara, ofisi za komini, shule na misheni. Hapo pakazaliwa vituo vya waliohamishwa, vingi vikiwa vya Watutsi, ambavyo baadhi havijavunjika hadi leo. Kituo cha Bugendana, katika mkoa wa Gitega, kilishambuliwa Julai 1996 na mamia ya watu wakauawa. Mwaka huohuo, kwa upande mwingine, jeshi lilianza kuwakusanya raia, wengi wao Wahutu, katika kambi za Karusi na mikoa mingine, likidai kuwatenganisha na waasi. Waliokataa kuingia walihesabiwa kuwa maadui. Ndani ya kambi kulikuwa na njaa na maradhi, na mashamba yaliyoachwa juu ya miteremko yaliharibika. Mwaka 1999 mamia ya maelfu walikusanywa kwa namna hiyo katika milima inayozunguka Bujumbura. Nelson Mandela, aliyechukua usuluhishi baada ya kifo cha Julius Nyerere Oktoba 1999, alidai hadharani kambi hizo zivunjwe, na suala hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyojadiliwa kabla ya Mkataba wa Arusha kutiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Kwa Mrundi aliyeishi miaka hiyo, nyumba zilizopangwa kwa mistari karibu na barabara zina maana iliyokwisha kukaa moyoni. Mhutu wa Karusi huziona na kukumbuka kukusanywa. Mtutsi wa Bugendana huziona na kukumbuka kukimbia. Kirundi kinawaita waliohamishwa kwa maelezo yanayomaanisha waliotoka katika vyao. Lugha yenyewe inapima hali ya mtu kwa umbali wake na itongo lake.

Burundi haiko peke yake. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1954, zaidi ya Wakikuyu milioni moja waliondolewa katika makazi yaliyotawanyika na kuwekwa katika vijiji vya hali ya hatari ili kuvunja Mau Mau. Rwanda, yenye miteremko na ingo kama za Burundi, iliamua mwishoni mwa mwaka 1996 kuwa makazi yote ya mashambani yawe katika imidugudu. Tanzania iliwahamisha mamilioni ya watu katika Operesheni Vijiji ya miaka ya kati ya 1970. Kila nchi ilikuwa na sababu zake na matokeo yake. Zinachoshirikiana ni kwamba neno la makazi lilitangulia, na watu wakahamishwa ili walifuate.

6.0 Neno Linapovuka Mpaka

Tanzania ndiyo iliyokipa "kijiji" maana yake ya kisheria. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa chombo chenye kuandikishwa na kuwa na halmashauri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikipa mamlaka ya kusimamia ardhi iliyo ndani ya mipaka yake. Katika Burundi mutumba hauna mamlaka hayo. Kwa sheria ya komini ya mwaka 2005, kilima kina baraza la watu watano wanaochaguliwa na wakazi, na mwenye kura nyingi huwa kiongozi. Baraza hilo hupatanisha na kushauri. Vyeti vya ardhi, tangu sheria ya mwaka 2011, hutolewa na huduma ya ardhi ya komini. Mshauri wa sera anayesoma katika ripoti ya Kiswahili kwamba "kijiji" fulani cha Muyinga kina mgogoro wa ardhi, akiwa na sheria ya Tanzania kichwani, atauliza halmashauri ya kijiji imeamua nini. Atakuwa ameuliza taasisi isiyokuwapo.

Athari ya pili ni ya huduma. Katika kijiji cha nyumba zilizokaribiana, kisima kimoja kilicho katikati kinafaa. Juu ya mutumba hakuna katikati. Chemchemi iko bondeni, shule huenda iko kileleni, na mama anayeishi mteremko wa pili hutembea kushuka na kupanda. Mpango unaosema "kila kijiji kipate kituo kimoja cha maji" unaweza kutimizwa kwenye karatasi huku nusu ya ingo zikibaki mbali na maji.

Athari ya tatu ndiyo nzito. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa makazi katika Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi mwa Tanzania, ambako waliishi katika vijiji vilivyopangwa. Waliokimbia baada ya 1993, na tena baada ya 2015, waliishi katika kambi. Watoto waliozaliwa huko wamekua wakisikia Kiswahili na wakiijua nyumba kuwa ni namba katika mstari. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa kwa Kiswahili "kijiji chenu ni kipi?", anaweza kutaja makazi ya Tanzania alikozaliwa, au komini, au soko lililo karibu na kwao. Jibu linalohitajika ni jina la mutumba, jina la baba na babu, na majirani wanaopakana na itongo. Hivyo ndivyo dai la ardhi hutambuliwa mbele ya wazee wa kilima, na hivyo ndivyo lilivyopaswa kuthibitishwa mbele ya tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006. Swali lililokosewa neno moja linaweza kumfanya mwenye haki aonekane mtu asiyejua kwao.

Inafaa kuongeza kwamba neno la Kiswahili limewahi kupokewa milimani na kukaa vizuri. Nchini Burundi kiongozi wa kundi dogo la kaya huitwa nyumbakumi, neno linalorudi kwenye mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi uliojengwa na TANU katika miaka ya 1960. Limefaa kwa sababu linahesabu kaya na halisemi kaya hizo zimekaaje. Nyumba kumi zaweza kuwa mstari mmoja Tabora au miteremko miwili Giheta. "Kijiji" hakina ulegevu huo.

Kwa upande mwingine, mipaka ya juu imebadilika tena na tena. Uchifu ulifutwa, mikoa ikaundwa na kugawanywa. Kwa sheria ya mwaka 2023 mikoa 18 imekuwa 5 na komini 119 zimekuwa 42. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza, na Karusi imo katika mkoa mpya wa Gitega. Nyaraka za wakimbizi zilizoandikwa miaka 20 iliyopita zinataja mikoa na komini ambazo hazipo tena kwa mipaka ile. Jina lenye nafasi kubwa zaidi ya kudumu ni lile la kilima. Kulitafsiri ovyo ni kuipoteza anwani pekee iliyovuka vita.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, nyaraka za Kiswahili zitumie "kilima" kutafsiria umutumba na "colline" ya kiutawala, na kila waraka ueleze mara ya kwanza kwamba kilima ni ngazi ya chini ya utawala nchini Burundi, yenye baraza la kuchaguliwa na makazi yaliyotawanyika. Jina mahususi la kilima libaki kama linavyoandikwa kwa Kirundi.

Pili, rugo iitwe "ugo", neno ambalo Kiswahili tayari kinalo na kinaweza kulihuisha, au liachwe kama "rugo" pamoja na maelezo. "Boma" liepukwe.

Tatu, itongo lisitafsiriwe kwa "shamba" wala "kiwanja" pale linapohusu haki. Lichukuliwe kama istilahi, kama sheria za kikanda zilivyochukua maneno mengine ya kienyeji. "Tongo" la Kiswahili, lenye maana ya mahame, lingepindua maana.

Nne, "kijiji" kitengwe kwa makazi yaliyopangwa tu, yakiwamo yale ambayo serikali ilijenga kwa ajili ya waliorejea wasio na ardhi. Vituo vya waliohamishwa viitwe kwa jina hilo, hata vikiwa vimedumu miongo mitatu, ili urefu wa muda usifiche namna vilivyoanza.

Tano, dodoso na fomu za Kiswahili kwa wakimbizi wa Burundi ziulize kilima, komini ya wakati wa kuondoka, na majina ya majirani wa itongo, kila kimoja katika nafasi yake.

8.0 Hitimisho

Makala hayadai kwamba makazi yaliyotawanyika yanafaa kudumu milele. Mashamba yamegawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi hadi familia nyingi zimebaki na pungufu ya hekta moja, na serikali ya Burundi inaendelea kuzungumzia makazi ya pamoja kama njia ya kuokoa ardhi ya kilimo. Hoja hiyo inastahili kujadiliwa kwa uzito. Lakini mjadala wa haki hauwezi kufanyika iwapo lugha inayotumiwa imekwisha kuamua. Mtu anayeita mutumba kijiji ameshawahamisha watu kwa kalamu, na atakapofika mpango wa kuwahamisha kwa kweli, hataona kuna kitu kinachobadilika.

Kiswahili kinaelekea kuwa lugha ya kazi ya ukanda mzima, na milima ya Gitega na Muyinga itazidi kuandikwa kwa lugha hii. Kinachohitajika ni kwamba mkulima wa Giheta au Butihinda, akisomewa maandishi hayo, ayatambue makazi yake.